Waliozaliwa Kabla ya 1973

Sheria ya uwindaji ya jimbo la Wisconsin, Marekani, imewagawa watu kwa tarehe ya kuzaliwa. Aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1973 au baadaye, kwa kawaida hauziwi leseni mpaka aonyeshe cheti cha mafunzo ya uwindaji. Aliyezaliwa kabla ya hapo haulizwi kitu. Anachukuliwa kuwa alishafunzwa na baba, au mjomba, au yeyote aliyemtangulia porini na kumkaripia alipoelekeza mtutu kusikofaa. Ni nadra serikali kuwaamini wazee kiasi hicho.

Mwaka huohuo wa 1973, Tanzania ilipiga marufuku uwindaji nchi nzima. Marufuku ilidumu hadi 1978, na katikati yake, mwaka 1974, ikapitishwa sheria mpya ya wanyamapori. Nilikuwa kijana mkoani Tabora, upande wa pori la Ugalla. Baba alikuwa na gobore lenye kibali, na alikuwa mrina asali. Kwetu kazi hizo mbili zilikwenda pamoja, maana anayezunguka mizinga anajua maji yalipo, na penye maji mnyama hakosi. Gobore likapakwa mafuta, likaviringishwa kwenye gunia, likapandishwa darini. Ruhusa iliporudi ilikuja na karatasi na ada zilizowafaa watu wa mjini na wageni wenye fedha zao. Hivyo mimi ni wa waliozaliwa kabla ya 1973, ila mafunzo yangu yaliishia njiani. Nyayo nazisoma. Kufyatua sijui.

Nayawaza hayo kwa sababu ya mwaliko nilioupata nilipokwenda kumtembelea binti yangu, aliyeolewa Wisconsin. Baba mkwe wake ni mzee wa rika langu. Ana ardhi ya vilima kusini-magharibi mwa jimbo, mialoni juu na mahindi bondeni, na msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki huanza Jumamosi inayotangulia Sikukuu ya Shukrani ya mwezi Novemba, ukaenda siku tisa. Alisema, “Mzee mwenzangu, njoo ukae tu.” Nikaenda kukaa. Nikavikwa koti la rangi ya chungwa linalowaka kama taa ya barabarani, maana mwindaji hulazimika kuvaa rangi kali namna hiyo ili wenzake wasimdhanie mnyama, na mimi nisiye na bunduki nikavaa kwa kuipenda roho yangu.

Tulikaa juu ya dungu. Kwetu dungu hujengwa shambani ili watoto wafukuze ndege kwenye mtama, na kelele ndiyo kazi yenyewe. Kule kazi ni kunyamaza. Baridi ile sitaieleza. Aliyezoea Tabora ya mwezi wa sita ajue tu kwamba hajaonja bado. Alfajiri lilipita dume dogo, mzee akalitazama mpaka likatokomea. Baadaye akaja jike, akampiga. Nilishangaa, maana baba hakupenda kuua jike. Nikauliza tulipokuwa tukimtoa matumbo, naye akanisimulia huku mikono ikiendelea na kisu.

Mwishoni mwa karne ya 19, kulungu walikuwa wamekaribia kwisha katika sehemu kubwa ya Marekani kwa sababu ya wawindaji wa soko, waliosafirisha nyama kwa treni kwenda mijini. Mwaka 1900 ikatungwa sheria ya taifa kuzuia kuvusha mipaka ya majimbo nyama iliyopatikana kinyume cha sheria. Majimbo yakaweka misimu, yakalinda majike, na vizazi vikakua vikiamini kwamba mwanamume wa kweli hampigi jike. Kulungu wakaongezeka hadi wakaanza kumaliza miche ya msitu na kufa njaa wakati wa theluji. Mwaka 1943 profesa mmoja wa Wisconsin, Aldo Leopold, aliyekuwa kwenye tume ya uhifadhi ya jimbo, aliunga mkono kupunguzwa kwa majike. Wawindaji wakamshukia kama mwewe. Baba yake mwenyeji wangu alikuwa miongoni mwa waliokasirika, na hasira hiyo alikufa nayo. Mwanawe ndiye anayeua majike. Nadhani hiyo ndiyo heshima ya juu mtu anayoweza kuipa hoja iliyomshinda babake.

Siku hizi kulungu wa Marekani wanakadiriwa kufika milioni thelathini, na uhasama sasa uko barabarani na bustanini. Kuna na ugonjwa unaoula ubongo wao, uliobainika kufika Wisconsin mwaka 2002. Kichwa cha yule jike kilipelekwa kupimwa, na nyama ikawekwa kwenye friza kusubiri majibu. Mzee alilipokea hilo kwa utulivu. Kilichomuudhi ni simu. Hadi miaka kumi hivi iliyopita, aliyeua alilazimika kumpeleka mnyama kwenye kituo cha kuandikisha, ambacho mara nyingi kilikuwa duka, baa au kituo cha mafuta. Watu walipanga foleni na magari yao, nyuma kumelala mnyama, wakapimana pembe, wakadanganyana, wakanywa kahawa. Aliyefiwa na mwenziwe msimu uliopita alipewa pole hapo. Tangu mwaka 2015 mnyama huandikishwa kwa simu au intaneti. Mzee alibonyeza tarakimu zake akiwa amesimama peke yake ghalani, damu bado mkononi, kisha akaniambia, “Imekwisha.” Alisema kwa sauti ya mtu aliyepunjwa chenji.

Bunduki yake sikuitamani, wala ardhi yake. Nilichokionea wivu ni kikao. Tangu mwaka 1934 Wisconsin ina baraza la uhifadhi la wananchi, na kila mwezi wa Aprili kaunti zote hufanya mkutano ambako mkulima, fundi bomba au mwalimu hupiga kura kuhusu kanuni za uwindaji na uvuvi: msimu uongezwe au upunguzwe, majike wangapi, ziwa gani lifungwe. Kura hiyo ni ya ushauri, serikali inaweza kuikataa, na mzee anasema huikataa vya kutosha. Hata hivyo amekuwa akihudhuria tangu ujana wake, anakwenda kugombana, anarudi. Tena tangu mwaka 1937 kila anayenunua bunduki ya kuwindia au risasi hulipa ndani ya bei kodi ya taifa, ambayo sasa ni asilimia 11, na fedha hizo hurudi majimboni kulea wanyama na makazi yao. Kwa lugha ya nyumbani, yeye humlipa bwana nyama mshahara, kisha humwuliza maswali.

Wazee wa huko hupenda kusema siri ya yote ni ardhi ya mtu binafsi. Hapo siwafuati. Ardhi hiyo ina uchungu wake. Kulungu aliyejeruhiwa akiruka ua na kuangukia kwa jirani, huwezi kumfuata bila ruhusa ya jirani, hata ukimwona kwa macho. Asiye na shamba hukodi, au hutafuta urafiki, au hujibana kwenye misitu ya umma. Mwezi Novemba 2004, kaskazini mwa jimbo, mwindaji mmoja wa jamii ya Wahmong, watu waliofika kama wakimbizi kutoka Laos, alikutwa kwenye dungu lililo katika ardhi ya wengine. Mabishano yakaishia kwa watu sita kufa. Alidai kwamba alitukanwa kwa asili yake. Mahakama ilimfunga maisha. Wahmong wengi wasiohusika walitazamwa kwa jicho baya miaka mingi baadaye. Mzee hakupenda kulizungumzia, na mimi sikumlazimisha, ila kila nilipoona kibao cha kuzuia wapitao nilijua nisingekuwa pale bila undugu wa ndoa.

Kwetu mnyama ni mali ya umma. Kwao pia, mpaka apatikane kwa halali. Ardhi ya Tanzania nayo ni ya umma, Rais akiwa mdhamini. Kwenye karatasi tungepaswa kuwa karibu na mnyama kuliko wao. Lakini rika langu halikuitwa kwenye kikao chochote. Tuliamka siku moja tukaambiwa, na waliotuambia walikuwa wamerithi mtindo huo kwa Mwingereza, aliyekuwa ameurithi kwa Mjerumani. Nchi ilibadili bendera, bwana nyama akabaki anatoka mjini na daftari.

Wapo wenzangu walioendelea usiku. Sitawatetea wote. Miaka ya sabini na themanini meno ya tembo yalileta bunduki za kivita na matajiri wasioonekana, na mwaka 1989 serikali ilipoendesha Operesheni Uhai tayari ilikuwa imechelewa. Ila katika kapu moja la ujangili alitiwa mwuza meno na mtu aliyemnasa ngiri amwuguze mkewe kwa mchuzi. Baba alichagua kutii. Akabaki na nyuki. Pori la Ugalla, lililokuwa pori la akiba tangu 1965, mwaka 2019 likawa hifadhi ya taifa, na hifadhi ya taifa haina mlango wa mwindaji wala wa mrina asali.

Watoto waliokua kandokando yake wanamjua mnyama kwa hasara. Tembo akila mahindi kuna kifuta jasho, akiua mtu kuna kifuta machozi, na vyote hufuatiliwa ofisini kwa miguu. Wajukuu zangu wa Dar es Salaam wanamjua kwa televisheni. Serikali imeruhusu mabucha ya nyamapori, jambo jema, na nimekula nyama yake kwa raha. Lakini bucha halimfundishi mtu kulitazama dume dogo mpaka litokomee.

Msiniambie kwamba wenzetu wamefaulu. Mwaka 1990 leseni za msimu wa bunduki wa Wisconsin zilikaribia laki saba. Sasa ni kama laki tano na nusu, na wengi wa wanaotoka ni wa rika letu, magoti yanayokataa ngazi ya dungu. Wakipungua, kulungu wataongezeka na kodi itapungua. Watoto watatu wa mwenyeji wangu hakuna anayewinda. Mkwe wangu anasema Jumamosi ana kazi, na kweli anayo. Jirani ameshauliza kama atakodishiwa kile kilima, na bei aliyotaja mzee hakuikataa papo hapo.

Aliyejitokeza ni binti yangu. Alizaliwa baada ya 1973, kwa hiyo lazima asome, afanye mtihani, apewe cheti. Ameshajiandikisha. Baba mkwe hakumuuliza kama ataweza kuua. Alimuuliza kama ataweza kukaa saa nne bila simu. Binti akajibu kwamba shambani kwa bibi yake, Tabora, alifukuza ndege msimu mzima. Mzee akanigeukia kuuliza hilo lina uhusiano gani na kulungu, nami nikamwambia halina hata kidogo, ila amtafutie koti linalomtosha.