Wa Mathari Washuke

Kwetu Kariobangi, ukibishana na mtu mpaka akose jibu, atakuambia umetoroka Mathari. Ukikataa nauli imepandishwa, makanga atauliza kama umetoka Mathari. Mtoto akicheka peke yake kwa ngazi za ploti, apelekwe Mathari. Hakuna anayehitaji kuelezwa maana.

Na jina lenyewe ni la mmea tu. Kwa Kikuyu, mathare ni dracaena. Hospitali ya akili iko Thika Road, upande wa Muthaiga, na inaandikwa Mathari. Mtaa ulio karibu nayo unaandikwa Mathare. Mdomoni hakuna anayejali i na e, kwa hivyo msee wa Mathare akitaja kwao tu, ameshachekwa.

Mwaka 1910 serikali ya kikoloni ilifungua hapo nyumba ya kufungia vichaa, na jina lake lilisema hivyo wazi. Mwaka 1924 ikapewa jina la upole zaidi: Hospitali ya Akili ya Mathari. Upole huo haukudumu. Kuanzia 1938 hadi 1950 msimamizi wake alikuwa daktari J. C. Carothers. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likachapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, na mwaka uliofuata akaiandikia serikali kuhusu Mau Mau, akivieleza vita vile kwa saikolojia kuliko kwa ardhi iliyonyang'anywa. Kumbe kuitana wagonjwa ili tusisikilizane hakukuanzia kwa makanga.

Kwa Kiingereza, "idiot" na "imbecile" yalikuwa madaraja ya kitabibu. Uingereza iliyaweka kwenye sheria mwaka 1913. Hapa Kenya, kifungu cha 146 cha Kanuni ya Adhabu kiliandikwa kwa maneno hayohayo, na nia ilikuwa kuwalinda watu dhidi ya unajisi. Leo ukimwita mtu hivyo, jiandae kupigwa.

Binamu yangu ana baipola. Dawa zinamsaidia, tena sana. Siku moja akielekea kliniki, makanga akapiga mabati: "Wa Mathari washuke, msituambukize!" Gari zima likacheka. Hakushuka. Akapitiliza, na mwezi uliofuata hakuenda kabisa. Dawa zikaisha. Tulimtafuta siku tatu, tukampata Gikomba bila viatu, akiwa amegawa simu na koti kwa watu asiowajua.

Wengine wanasema hospitali ibadilishwe jina. Lakini limeshabadilishwa, na sasa ni refu, lina "kitaifa" na "rufaa" ndani yake. Mtaani bado ni Mathari. Tukiipa jina la ua lingine, hilo pia tutalichafua kabla rangi ya kibao haijakauka, kwa sababu dharau huhama na wagonjwa.

Mamake binamu yangu hakungoja jina jipya. Jioni moja kwa kibanda cha mboga akasema, "Nikatie ya thelathini. Kesho naamkia Mathari na kijana yangu, tunachukua dawa." Alisema kwa sauti ileile ya kuagiza sukuma wiki. Watu wakanyamaza. Mama mboga akaendelea kukata, halafu akauliza polepole, bila kuinua macho, kliniki huwa siku gani.

Ana msichana ambaye hatujamwona nje tangu Januari.