Pasi ya Mama na Maji ya Kisima

Yamkini wapo watakaoshangaa kwamba mwanafunzi wa fasihi, badala ya kuzungumzia riwaya anayoitafiti, amewajia na habari za pasi. Nawaomba radhi. Nami sikudhani kwamba chombo hicho kingeninyima usingizi kuliko sura ya pili ya tasnifu yangu.

Nyumbani kwetu, nje kidogo ya mji wa Malindi, mama alitumia pasi ya makaa tangu nilipopata fahamu: ile ya chuma yenye jogoo mdogo mbele wa kufungia kifuniko. Hata umeme ulipoingia hakuiacha. Alishikilia kwamba pasi ya umeme humaliza tokeni kabla ya kumaliza mikunjo. Masika moja, mvua ikipiga dirishani, alifunga chumba akaendelea na kazi yake. Dada yangu alimkuta ameketi sakafuni, kichwa kinamgonga, hajui ni saa ngapi. Makaa yanayowaka mahali pasipopitisha hewa hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huizuia damu kubeba oksijeni. Baba alikwisha kututoka. Jogoo yule alibakisha kidogo tu atukamilishie uyatima.

Nikaapa kumnunulia pasi ya mvuke. Katika duka moja jijini Nairobi nilichagua kama mtu achaguaye kitabu kwa jalada: iliyong'aa zaidi, nzito kiasi, yenye wati 2,400 zilizoandikwa kwa tarakimu kubwa. Niliijaribu chumbani kwangu ikateleza juu ya shati kama mashua kwenye maji tulivu. Nikaipeleka nyumbani kwa fahari ya msomi aliyeleta maendeleo.

Hapa niruhusiwe kuchepuka kidogo. Neno lenyewe ni mtego kwa mwanafunzi wa semantiki. Tuna pasi ya kunyooshea nguo, pasi ya mchezaji kwa mwenzake, na hiyo nyingine ya "pasi na shaka". Mimi niliinunua yangu pasi na kufikiri.

Miezi minne baadaye, asubuhi ya nikahi ya mdogo wangu, mama aliitandika mezani kanzu ya marehemu baba, ambayo bwana harusi alikusudia kuivaa. Pasi ikatema maji ya rangi ya kutu, yakatua kwenye mkono wa kushoto. Nilikuwa njiani kutoka Nairobi simu ilipolia. "Mwanangu," akasema, bila kunilaumu, "pasi yako imekohoa." Kisha akaniambia kwamba ameshawasha makaa. Hilo ndilo lililonichoma, hata kuliko doa.

Kosa lilikuwa langu, nalo lilianzia kisimani. Sehemu kubwa ya maji ya mfereji ya Nairobi hutoka Bwawa la Ndakaini, Kaunti ya Murang'a, nayo ni maji mepesi. Visima vyetu vya pwani vimechimbwa katika miamba ya matumbawe, ambayo ni chokaa tupu. Maji yanapogeuka mvuke ndani ya pasi, chokaa haipandi nayo. Husalia, ikaganda, ikaziba vitundu, hatimaye ikabanduka na kutemwa pamoja na uchafu ulioungua. Isitoshe, mama alikuwa akiacha maji tumboni mwa pasi usiku kucha, na mimi sikuwa nimemwonya, maadamu kijitabu cha maelezo nilikitupa pamoja na boksi.

Safari ya pili nilikwenda dukani na maswali. Kwanza: chokaa hutolewaje? Nikachagua pasi yenye kitufe cha kuisafisha kwa mvuke wake yenyewe. Pili: je, huvuja ikiwa na joto dogo? Nukta moja kwenye kidhibiti joto ni kama nyuzi 110 za Selsiasi, mbili 150, tatu 200. Kwenye nukta moja maji hayapati moto wa kutosha kugeuka mvuke, hivyo pasi isiyo na kizuizi hudondosha matone juu ya hariri. Wati nazo nilizipunguza hadi 1,600. Ile ya kwanza ilivuta ampea 10 kwa umeme wetu wa volti 240, ilhali mama aliiunganisha kwa waya mwembamba wa kuongezea soketi, uliokuwa ukipata moto. Urefu wa waya, basi, nao niliupima kwa dhiraa, muuzaji akicheka.

Uzito ndio uliotutia mjadala. Mama alizoea kuikandamiza nguo kwa chuma, akaona pasi nyepesi ni mchezo wa watoto. Nikamweleza kwamba mvuke ukipenya kwenye pamba huzilegeza nyuzi, joto likazilaza, zikikauka zinabaki zilivyolazwa, kwa hiyo bega halihitaji kuteseka. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kama hayo ndiyo ninayofundishwa kwenye fasihi.

Kuhusu maji, nilipendekeza ya mvua, lakini kijitabu (safari hii nilikisoma) kiliyakataza kwa sababu ya uchafu wa paa. "Maji ya Mungu yamekatazwa na kitabu cha pasi?" akauliza. Tukakubaliana na ushauri wa kijitabu: nusu ya maji yawe yaliyokenekwa, ya kununua, na kazi ikiisha pasi imwagwe maji ingali na joto. Chupa hiyo ameiweka juu ya kabati na kuibandika karatasi: MAJI YA PASI, ASINYWE MTU.

Doa la kanzu lilififia bila kutoka. Mdogo wangu alioa nalo, mkono wa kushoto akiuficha nyuma katika kila picha, na huivaa kanzu hiyo kila Idi. Mama huinyoosha usiku wa kuamkia sikukuu, dirisha likiwa wazi, na kila afikapo kwenye mkono ule hunipigia simu kuniarifu kwamba bado lipo.