Tumerudi Mkomani

Nyumba ya mawe ya Lamu haipendi kufungwa. Wageni wanaopita vichochoro vya Mkomani wakipiga picha milango ya nakshi hudhani kuta nene kama hizi zaweza kujitunza zenyewe miaka mia mingine. Sivyo. Ukuta ni matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na matumbawe hunyonya unyevu wa pwani usiku na mchana. Dari ni boriti za mikoko, na ndiyo sababu vyumba vyetu ni virefu na vyembamba: upana wa chumba ni urefu wa boriti, basi. Nyumba ya namna hii huishi kwa wakaaji wake, kwa dirisha linalofunguliwa asubuhi, kwa moto wa jikoni, kwa mtu anayepanda juu kuziba ufa kabla masika hayajaingia. Ikikosa hayo huanza kuoza kimyakimya, na huanzia juu.

Sisi yetu tuliifunga miezi mitatu, tangu mwanzo wa Dhulkaada hadi mwanzo wa Safar. Mwanetu, akaaye South C jijini Nairobi, alipata safari ya kikazi Uingereza, akaruhusiwa kwenda na mkewe na watoto, naye akatuomba tukamshikie nyumba. Mimi ni mwalimu mstaafu, na mume wangu alikuwa karani wa forodha. Kazi ya kutuzuia hatuna. Isitoshe, nyumba ya mwana ni amana, na amana haikataliwi kwa sababu ya baridi. Tulimwachia ufunguo jirani yetu wa upande wa pili wa wikio, tukaondoka.

Sitaidharau South C. Maji ya moto yalitoka ukutani, daktari wa macho alikuwa umbali wa matatu moja, na adhana ilitufikia vizuri. Sala ya Idd-ul-Adh'ha tuliisali na umati ambao sikuutarajia, wanawake wa kila asili, Wasomali, Wanubi, Waswahili wenzetu, sote tumejifunika mashali mazito. Kazi yetu ilikuwa nyepesi: kunywesha mimea, kulisha paka, kulipa ada ya takataka, kumfungulia mtu wa maji. Lakini katika miezi mitatu niliingia nyumba mbili tu za majirani: moja kwa sababu ya msiba, ya pili kwa sababu gesi yetu ilikwisha mchuzi ukiwa jikoni. Si kwamba watu wale ni wabaya. Hutoka alfajiri na kurudi baada ya Isha, na aliyechoka hana mazungumzo. Mume wangu alisoma magazeti hadi matangazo ya minada.

Kurudi tulipanda SGR hadi Miritini, tukalala kwa dada yangu Mombasa, na asubuhi na mapema tukapanda basi. Kilifi, Malindi, Garsen, Witu, hadi Mokowe. Njia siku hizi ni ya lami, lakini vizuizi vya usalama bado vipo, na katika vingine abiria hushuka na kuonyesha kitambulisho, mmoja mmoja, kisha hupanda tena. Kwa goti la mzee, kule kushuka na kupanda kunashinda safari yenyewe. Nilimwona mume wangu akishika mlango wa basi kwa mikono miwili, nami nikatazama kando asije akajua nimeona.

Mokowe upepo wa kusi ulikuwa mkali na boti ikatulowesha kidogo. Kutoka gatini hadi mlangoni petu ni mwendo wa dakika saba kwa anayejua njia. Siku ile ulituchukua karibu saa nzima. Punda alitangulia na mizigo, sisi tukafuata tukijibu. Safari je? Mwana je? Wajukuu wamekua? Baridi ya huko inavumilika? Kila anayeuliza ana haki ya jibu kamili, na jibu fupi hapa huhesabiwa kiburi. Mume wangu hakuja nyumbani moja kwa moja. Alikata kona kuelekea msikitini akasali rakaa mbili, kama ilivyo suna kwa arejeaye safari, nami nikaendelea na punda.

Chini palikuwa pazuri kuliko nilivyoogopa. Jirani yetu alikuwa akija kila Alhamisi kufungua madirisha, kufukiza udi, na kujaza birika ili vijisamaki vyetu visife. Ndivyo vilavyo viluwiluwi vya mbu, na mbu wa Lamu hawana likizo. Juu hakuweza kupanda. Ngazi zetu ni vidato thelathini na kimoja, naye amenipita umri. Huko juu masika yalikuwa yamefanya kazi yake. Kipande cha dari chenye ukubwa wa mkeka wa kusalia kilikuwa kimeanguka, zidaka mbili zimeota ukungu, na chokaa ya ukuta wa kusini inabanduka ukiigusa. Misahafu ilikuwa salama chini, ndani ya sanduku.

Fundi wa kwanza, kijana mwenye adabu, alisema ataimaliza kazi kwa siku mbili kwa simiti. Fundi wa pili, mzee, alicheka. Simiti, alieleza, hufungia unyevu ndani ya matumbawe. Nje hupendeza mwaka mmoja, kisha ukuta hupasuka kutoka ndani na kubeba mawe pamoja nao. Chokaa yataka kulowekwa wiki kadhaa kabla ya kupakwa, na haina haraka. Mji huu uliandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2001, lakini elimu hiyo ya chokaa imo vichwani mwa wazee wachache, na vijana wanaoitaka hawajai baraza moja. Tukamchagua mzee. Dari inangoja, na sisi tumehamia chini.

Siku zetu sasa ni hivi. Mume wangu hutoka kabla ya adhana ya Alfajiri, hurudi na mkate au mahamri, na mbaazi ninazo tangu jana. Akishakunywa chai huenda ufukoni kutazama samaki. Msimu wa kusi bahari huchafuka, majahazi mengi hayatoki mbali, na samaki hupanda bei. Akirudi na tafi wawili hushukuru kana kwamba kaleta nguru. Mimi husafisha birika, huanika mito juani, na saa nne huja watoto wawili wa jirani kwa hesabu. Siwatozi, ila mama yao haachi kuleta sahani iliyofunikwa. Sahani hairudi tupu. Hivyo tangu tuje sijui vizuri ni kipi kilichomo kabatini mwangu ambacho ni changu.

Baada ya Alasiri mume wangu yuko barazani na wenzake, kahawa chungu na tende, na nchi yote hutawaliwa upya kila jioni. Wanawake huja ndani. Tunashona, tunasikilizana habari, aliyetoka hospitali anaombewa, aliyefiwa anapangiwa zamu ya chakula. Nimerudi pia katika darasa letu la Jumatatu, ambako nilikuta mahali pangu pamewekwa mto. Hakuna aliyenieleza kwa nini.

Siku ya nne jirani alinieleza kwa sauti ya chini kwamba bwana mmoja, dalali, alipita mara mbili akiuliza kama wenyewe wanauza. Nyumba iliyofungwa miezi mitatu ni tangazo, hata kama hakuna aliyebandika karatasi. Nyumba nyingi za Mkomani na za Shela zimekwenda hivyo, mnunuzi mara nyingi ni mgeni wa ng'ambo anayezitengeneza vizuri sana na kukaa ndani yake wiki chache za mwaka. Siwalaumu wanunuzi. Mara nyingi mlango hufunguliwa na mirathi. Mzee hufariki, warithi ni wanane, mmoja Mombasa, mwingine Jeddah, watatu Maskati, na watu wanane hawawezi kugawana ngazi. Huuza wakagawana pesa, kila mmoja haki yake kama sharia ilivyoamuru, na mtaa hupungukiwa na taa moja.

Ng'ambo ya mkondo, kisiwani Manda, yako magofu ya Takwa, mji wenye msikiti na ukuta ambao watu wake waliuhama katika karne ya 17. Watu wa Shela hujinasibu nao. Shuleni niliwapeleka watoto kule mara nyingi, nao kila mara waliniuliza ni nani aliyewafukuza. Nadhani sasa ningewajibu kwamba mji waweza kuhamwa bila mtu kufukuzwa.

Jambo hili si la nadharia kwetu. Mwanetu alipopiga simu kushukuru kwa kushikiwa nyumba, alisema lililokuwa moyoni. "Mama, ngazi hizo zitawavunja. Ikodisheni au uzeni, mje mkae nasi." Hakusema kwa tamaa, alikuwa ameona dawa za baba yake juu ya friji. Na ana hoja. Hospitali ya hapa ipo, lakini bingwa wa moyo ni wa kufuatwa Mombasa au Nairobi, na usiku wa kusi si wakati wa kumvusha mgonjwa bahari. Nimelala macho kwa hoja hiyo.

Mume wangu alikaa siku tatu bila kujibu. Kisha akaniambia, "Mwambie hivi. Hapa nisipoonekana Alfajiri, jua halijachomoza mtu ameshabisha mlango. Kule atabisha nani, na yeye yuko kazini?" Nilimfikishia mwana neno kwa neno. Alinyamaza, halafu akauliza, "Na wewe, Mama?" Nikamjibu kwamba mimi naogopa ngazi na naogopa pia kuwa mgeni wa kudumu katika jiko la mkwe wangu, hata akiwa mwema kama alivyo, na kwamba hofu ya kwanza yaweza kutibiwa na seremala.

Basi hivi ndivyo tulivyopatana kwa sasa. Kitanda chetu kinabaki chini, msana wa nje, na ngazi itatiwa mkono wa mbao. Kila miezi mitatu tutakwenda Mombasa kwa daktari, tulale kwa dada. Mjukuu wa dada yangu, anayesoma hapa, atahamia chumba cha juu kikishatengenezwa, ili pawe na miguu michanga ya kupanda vidato na kufungua madirisha. Mwana akisafiri tena tutamshikia nyumba, ila si masika. Kuhusu kuuza, mume wangu ameanza kwenda kwa kadhi kuuliza habari za kuiweka nyumba wakfu kwa kizazi chetu, ili ikaliwe na isiuzwe. Binti zetu wawili hawajasema ndiyo. Mmoja anauliza nani atalipa chokaa, na swali lake ni la haki. Wakfu usio na fungu la matengenezo nao huishia gofu.

Tutalizungumza uso kwa uso. Wote wanakuja mwisho wa Rabiul-Awwal kwa Maulidi ya Riyadha, wakati ambao hakuna nyumba Lamu isiyojaa wageni hadi darini, nasi tumekwisha kuombwa nafasi na jamaa wa Pate na wa Siyu. Chokaa imo shimoni, imelowekwa. Mwashi anasema itakuwa tayari wiki mbili kabla, inshallah, na ameagiza boriti tatu mpya. Kesho mimi naanza kuhesabu magodoro.