Sote Sasa Tunasoma Daftari Moja

Kazi yangu ni kuwasimamia wahamasishaji wa afya ya jamii katika kaunti ya Migori, upande wa Nyatike, kule ambako Ziwa Victoria liko mbele na Ndhiwa ya kaunti ya Homa Bay iko mgongoni. Wajaluo wa huku bado huwaita nyamrerwa, jina walilopewa wakunga wa jadi tangu zamani. Ninao wahudumu kumi kama hao, na kila mmoja hutembelea boma zipatazo mia moja. Natoa ushuhuda huu kuhusu simu walizopewa, kwa sababu nimewasikia watu wakizitaja kama zawadi za kisiasa, na hilo huniuma. Simu hizo zimetufanya tufanye kazi kama kikosi kimoja, na kabla yake hatukuwa hivyo.

Tulikuwa watu wa karatasi. Mhudumu alibeba daftari kubwa la kaya, fomu ya Wizara ya Afya MOH 513, lililojazwa upya kila miezi sita, pamoja na 514 ya kuandikia huduma za kila mwezi. Mimi nilijumlisha yote kwenye 515, kisha nikahamishia nambari kwenye ubao wa 516 ukutani mwa zahanati. Mwisho wa mwezi ulikuwa wa kukimbizana. Daftari moja limelowa mvua, jingine limebaki kwa shemeji, la tatu lina mwandiko ambao hata mwenyewe hausomi. Tukimaliza, hesabu zilipelekwa ofisi ya kaunti ndogo na kuingizwa kwenye mfumo wa takwimu za afya ambao nchi nzima imekuwa ikiutumia tangu 2011.

Shida kubwa haikuwa uchovu. Shida ni kwamba habari zilipanda tu, hazikushuka. Mhudumu aliandika kuwa mtoto fulani hajachanjwa, na hakuna aliyemrudishia neno. Muuguzi wa zahanati alikuwa na daftari lake, ambalo halikukutana na la mhudumu. Nami nilijua idadi ya watoto waliokosa chanjo bila kujua ni wa boma gani.

Tarehe 25 Septemba 2023, katika bustani ya Uhuru Park jijini Nairobi, Rais William Ruto alizindua ugavi wa vifaa kwa wahamasishaji laki moja kote nchini. Ndani ya mkoba mlikuwa na mashine ya kupima shinikizo la damu, kipimo cha sukari, mizani, kipimajoto, utepe wa kupima mkono wa mtoto mwenye utapiamlo, na vingine. Simu ilikuja na programu ya eCHIS, mfumo wa kielektroniki wa taarifa za afya ya jamii. Ningependa ieleweke kwamba Migori haikuanzia hapo. Huko Rongo, shirika la Lwala, lililoanza na zahanati iliyofunguliwa mwaka 2007 na ndugu wawili, Milton na Fred Ochieng', kwa kumbukumbu ya wazazi wao, lilikuwa limekwisha kuwafunza wakunga wa jadi kuwa wahudumu wa afya na kuwalipa. Sisi wengine tulikuwa tukiwatazama na kutamani.

Mhudumu akifungua simu asubuhi hukuta orodha ya kazi: mjamzito wa kufuatiliwa kliniki, mtoto aliyetumwa zahanati jana na ambaye ni lazima athibitishwe kama alifika, mgonjwa wa shinikizo la damu wa kupimwa tena. Maswali humwongoza hatua kwa hatua, na akigusa dalili ya hatari simu humwambia ampe mgonjwa rufaa. Programu haihitaji mtandao wakati wa kazi, jambo ambalo kwetu ndilo lililoiokoa, kwani kuna vijiji ambako hata kupiga simu ni sharti upande kilima. Akifika penye mtandao, kazi yake yote inatumwa, nami naiona. Naona nani ametembelea boma ngapi, na nani amekwama ili nimfuate kumsaidia.

Matunda niliyoyaona zaidi ni ya chanjo ya malaria. Kenya iliizindua Ndhiwa tarehe 13 Septemba 2019, baada ya Malawi na Ghana, na ni haki ianzie kwetu kwa sababu ukanda huu wa ziwa umezika watoto wengi kwa malaria. Dozi zake ni nne: mtoto akiwa na miezi sita, saba, tisa, na ishirini na minne. Tatu za kwanza mama huzikumbuka, mtoto akiwa bado mgongoni. Ya nne huja baada ya kimya kirefu, mtoto anakimbia uani, ana afya, na mama anaona kliniki imekwisha. Kwenye karatasi, kumpata mtoto huyo kulimaanisha kufunua kurasa moja baada ya nyingine. Sasa tarehe yake ya kuzaliwa imo ndani ya simu, na mhudumu hubisha hodi mlango unaohusika.

Mkutano wetu wa mwezi nao umegeuka. Zamani ulikuwa wa kutafuta kwa nini jumla hailingani. Siku hizi tunazungumza juu ya watu: mjamzito ambaye mume hamruhusu kujifungulia hospitali, mzee aliyeacha dawa. Muuguzi huja na daftari lake, tunalinganisha majina, na kila mtu huondoka na kazi yake mkononi.

Wavuvi ndio wanaotujaribu. Serikali hufunga uvuvi wa omena kuanzia Aprili hadi Julai, na familia husambaa. Leo wako Sori, kesho Mfangano au Remba, kaunti ya Homa Bay. Programu haijui kwamba mtu amepanda mashua. Ndiyo maana tuliunda kundi la WhatsApp na wenzetu wa upande wa pili. Hatutaji ugonjwa wala jina humo. Tunasema tu kwamba kuna familia inakuja kwenu, nipigie. Mazungumzo yenyewe ni ya simu, watu wawili.

Usiri huo kwangu si jambo dogo. Migori na Homa Bay ni miongoni mwa kaunti zilizoumizwa zaidi na virusi vya UKIMWI. Daftari la karatasi lililala mezani, na mgeni yeyote aliweza kulifunua. Simu ina nenosiri, na Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023 inalinda taarifa za mgonjwa. Kina mama ambao hawakutaka kuandikwa popote wamekubali kuandikwa.

Wapo walioogopa. Mhudumu wangu mmoja mwenye wajukuu aliniambia, "Daktari, mpe kijana hii simu, mimi nitaiua." Nilimjibu, "Mama, kijana hajui boma hata moja kati ya zako." Nikawaweka pamoja na kijana aliyetoka kujiunga: mmoja alijua kubofya, mwingine alijua ni nyumba gani inaficha mtoto mgonjwa. Leo huyo mama ndiye anayetuma kazi yake mapema kuliko wote, na kijana naye huenda kumuuliza jinsi ya kuingia katika boma lenye msiba.

Hata hivyo simu hailishwi kwa maneno. Inahitaji umeme, na boma nyingi hazina. Bando za intaneti. Na kioo kikivunjika, fundi wa kukitengeneza. Posho ya mhudumu ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Anayepanga bajeti popote nchini aweke posho hiyo mbele, ailipe kwa wakati, na aongeze fungu la bando na matengenezo. Kikosi hakikai pamoja kwa programu peke yake.

Nanyi wenye boma, nyamrerwa akija na simu mkononi, mpeni tarehe kamili za kuzaliwa za watoto na nambari ya simu inayopatikana. Na mkihama kufuata samaki, mwambieni mnaelekea ufuo gani.