Dakika Tisini

Mtu akipata mshtuko wa moyo, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hupewa muda. Dakika 60 mpaka 90, halafu moyo unapimwa tena. Mistari iliyoinuka kwenye kipimo cha umeme isiposhuka angalau nusu, huenda mshipa bado umeziba. Haya niliyajulia katika hospitali moja Kitui, saa tano usiku, nimeshika koti la Baba.

"Haijashuka," daktari wa zamu alisema, akiziweka karatasi mbili pamoja. Hata mimi, mtu wa uhasibu, niliona: ile milima ilikuwa palepale.

Baba mdogo akauliza mbona asiongezwe dozi nyingine. Swali la maana, bana. Sinki ikikataa kuzibuka si unamwaga dawa tena? Daktari akakataa. Baadaye nilisoma utafiti wa REACT, wa Uingereza, uliochapishwa 2005. Wagonjwa 427 walioshindwa kusaidiwa na dawa waligawanywa makundi matatu. Baada ya miezi 6, waliokuwa hai bila mshtuko mwingine, kiharusi wala moyo kudhoofika vikali walikuwa karibu asilimia 85 ya waliopelekwa kuzibuliwa mshipa kwa katheta. Waliorudiwa dawa, 69. Walioachwa bila hata kurudiwa, 70. Yaani kumwaga tena hakukuongeza kitu.

Lakini katheta ilikuwa Nairobi, zaidi ya kilomita 150. Baba mdogo alitaka tungoje kuche: barabara usiku, malori, na je, akitufia njiani? Hofu yake haikuwa ya kijinga. Mama aliuliza jambo moja tu.

"Hiyo misuli ya moyo ikifa, hurudi?"

"Hairudi, Mama."

Akaanza kukunja shuka.

Ambulensi tulipata. Hospitali ya Nairobi ikadai malipo ya kwanza kabla hata ya kusema kama kuna kitanda, na mpaka leo siwezi kuliandika hili kwa utulivu. Shangazi watatu na chama cha Mama walituma pesa tukiwa barabarani.

Walipitisha mrija mwembamba kwenye kifundo cha mkono hadi moyoni, wakafurisha puto pale palipoziba, wakaacha stenti, kijibomba cha wavu wa chuma, kishikilie njia. Sehemu ya moyo ilikuwa imeshakufa. Siku hizi Baba akija kwangu, ghorofa ya tatu, husimama ngazini mara mbili, akidai anaangalia mtaa.