Upanga Usiochomoka

Watunzi wenzangu, hebu tuulizane kidogo. Katika zile hadithi zetu za majini na mizimu, ambazo karibu kila kijana anayeshika kalamu huanza nazo, pepo hutoka wapi? Mara nyingi hatoki popote. Yupo tu. Anavunja vyombo, anawakaba watu usingizini, halafu kurasa mbili za mwisho anatokea mganga na kumtimua. Mchezo umekwisha. Kwa nini alikuja katika nyumba ile na si ya jirani? Hakuna anayeuliza.

Swali hilo lilinikaa kichwani mwaka jana, mshikaji wangu mmoja aliponipa flashi yenye katuni za Kijapani ziitwazo Mononoke. Usichanganye na Princess Mononoke ya mwaka 1997, ile ni filamu ya Hayao Miyazaki. Hizi ni nyingine. Zilitengenezwa na kampuni ya Toei Animation, mwongozaji akiwa Kenji Nakamura, zikaonyeshwa kwenye televisheni ya Japani mwaka 2007. Ni vipindi 12 tu, vyenye visa vitano. Nilivitazama kwenye simu, usiku, huku nikikimbizana na tafsiri ya Kiingereza chini ya picha. Picha zenyewe utadhani zimechorwa juu ya karatasi za kale: maua kila ukuta, rangi za kuwaka. Siku nne nilikuwa nimemaliza, nikaanza tena.

Mhusika mkuu hana jina. Anaitwa Muuza Dawa basi. Masikio yamechongoka, uso umepakwa rangi, mgongoni sanduku la mbao lenye droo. Huko Japani ya zamani wauza dawa wa kuzunguka walikuwapo kweli. Wale wa Toyama walijulikana sana: walikuachia dawa nyumbani, wakarudi baadaye kudai bei ya zile tu ulizotumia. Mtu wa namna hiyo huingia kila nyumba, na huyajua maradhi ya kila nyumba. Ndiyo maana nadhani mpelelezi huyu kapewa kazi hiyo.

Naam, ni mpelelezi. Ana upanga wa kuulia pepo, lakini upanga hauchomoki mpaka ajue mambo matatu. Kwanza Umbo: pepo huyu ni wa aina gani? Pili Ukweli: ni nini hasa kilichotokea? Tatu Sababu: moyoni mwa mtu mlikuwa na nini hata jambo likafika hapo? Kila anapopata moja, kichwa kidogo kilicho kwenye mpini wa upanga kinagonga meno: ka! Bila matatu hayo, hata pepo awe mlangoni, Muuza Dawa anaweza kumzuia tu kwa karatasi zake za zindiko. Kwa hiyo inambidi awahoji watu. Na watu, bwana, wanadanganya!

Chukua kisa cha kwanza. Mama mja mzito aitwaye Shino anafika usiku wa mvua kwenye nyumba ya wageni, anaomba chumba. Nyuma yake kuna mtu aliyetumwa kumuua. Anapewa chumba cha juu kisichopangishwa, na humo wanatokea watoto. Umbo linajulikana upesi: zashiki-warashi. Wajapani wa kaskazini, hasa sehemu za Iwate, wanamfahamu siku nyingi. Ni pepo mtoto anayekaa ndani ya nyumba, na nyumba aliyomo hustawi. Akihama, ufukara unaingia. Kunio Yanagita aliandika habari zake katika kitabu cha masimulizi ya Tono mwaka 1910. Yaani ni pepo wa heri.

Sasa sikia Ukweli. Nyumba ile zamani ilikuwa danguro. Wasichana waliopata mimba walilazimishwa kuzitoa ili kazi isisimame. Watoto wale ndio hao. Nilisimamisha picha nikakaa kitako. Maana imani ya wazee haikuvunjwa hata kidogo: nyumba ilistawi kweli kwa ajili ya watoto, ila ilistawi kwa sababu hawakuzaliwa.

Kisa cha mwisho kimewekwa katika zama za treni ya chini ya ardhi, ambayo Tokyo iliipata mwaka 1927. Pepo ni paka, na abiria waliofungiwa ndani ya behewa wanadhani wamekutana kwa bahati mbaya. Kumbe kila mmoja ana kipande chake katika kifo cha mwanamke mwandishi wa habari. Mmoja alitoa ushahidi wa uongo. Mwingine, mpelelezi, alikubali kwamba marehemu alijiua, akafunga jalada.

Nimeyasema haya yote kwa sababu ninaandika riwaya, na ndani ya riwaya yangu yumo shangazi yangu. Sikumwona, alifariki kabla sijazaliwa. Kwetu habari yake ni sentensi moja: alipatwa na jini. Aliacha kusema akiwa na miaka 17, akapigiwa ngoma, akaandikiwa makombe, wapi! Baada ya miaka miwili akazikwa. Umbo tunalo, tena tumelishikilia kweli kweli. Kila ninapouliza zaidi, Baba hunyanyuka akaenda kuswali hata kama wakati haujafika.

Nikaenda kwa Bibi, mama yake mzazi. Nilimwuliza jambo moja tu: aliacha kusema siku gani? Bibi alikuwa anachambua mchicha. Alinyamaza mpaka nikajuta kinywa changu, kisha akasema, "Mke mwenzangu, mahari ilikwisha pokewa." Akaendelea na mchicha wake. Wakati wa kuondoka nilitazama juu. Nyumba ya Bibi ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuezekwa bati katika mtaa ule. Tumekuwa tukijivunia hilo tangu tukiwa wadogo.

Vijana wenzangu watasema, haya, Ukweli umeupata, andika! Sina haraka hiyo. Bibi yu hai. Muoaji mwenyewe naambiwa yu hai, mzee wa watu, anasalimiwa njiani kwa heshima. Na Ukweli bila Sababu ni umbea tu wenye tarehe. Sijui Bibi aliogopa nini mwaka ule, sijui nyumbani mlikuwa na njaa gani. Wala sijui binti wa miaka 17 alikusudia nini aliponyamaza, kama alikatika ulimi kwa huzuni au kama kunyamaza ndiyo ilikuwa "hapana" pekee aliyobakiziwa.

Jini sitamwondoa katika riwaya. Atabaki, maana nyumba nzima ilimwamini, na mimi sina ushahidi wa kumkana. Nimefuta mganga wa sura ya mwisho. Jumapili nitarudi kwa Bibi, nitachukua ungo, nitachambua naye mchicha, na safari hii sitauliza kitu mpaka aanze mwenyewe.