Tuliowaandika Sifuri



Muhula uliopita, sisi mafrateri watano wa falsafa tuliamua kutengeneza mchezo wa mezani. Drafti ilikwisha kutuchosha. Tulitaka mchezo mrefu, wa kuchezwa jioni kadhaa mfululizo, juu ya vita vilivyotokea kweli. Tukachagua kuzingirwa kwa Ngome ya Yesu, Mombasa, kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698.

Vifaa vyetu vilikuwa kadibodi, kalamu za rangi, dadu mbili na vizibo vya soda. Miezi 33 tukaifanya zamu 33. Upande mmoja walikuwa Waomani, wenye vyombo baharini na watu kisiwani. Upande wa pili Wareno na wenyeji waliokuwa nao ngomeni. Kanuni kubwa ilikuwa ya pepo. Wakati wa kaskazi, meli za msaada zaweza kuja kutoka Goa; wakati wa kusi, kutoka Msumbiji. Zisipokuja, aliye ngomeni anabaki kuhesabu magunia. Tuliweka pia kadi za maradhi, kwa sababu ndani ya ngome ile maradhi yaliua wengi kuliko mizinga.

Mwenzetu aliyezaliwa Mombasa alitusahihisha mapema. Tulikuwa tumewaandika Waomani kuwa “maadui”. Akauliza, “Maadui wa nani?” Akatukumbusha kwamba watu wa pwani walichoshwa na utawala wa Wareno, na kwamba ni wao waliopeleka ombi la msaada Oman. Neno hilo tukalifuta.

Tulipoujaribu mchezo mara ya kwanza, mwenye ngome alishinda kwa urahisi. Kila kizibo kilikula kipimo kimoja cha nafaka kwa zamu, lakini askari peke yao ndio waliokuwa na nguvu ya kupigana. Wanawake tuliwaandika sifuri. Basi katika zamu ya nne akavikusanya vizibo vyote vya wanawake, akavitoa nje ya lango. Nafaka ikamtosha hadi zamu ya 33. Tukampigia makofi. Kengele ikalia, tukaenda kusali masifu ya jioni.

Kesho yake tulikuwa na kipindi cha maadili. Somo lilikuwa kwamba binadamu hawezi kamwe kutumiwa kama chombo tu. Tuliandika madaftarini bila wasiwasi wowote. Wakati wa chai ndipo mmoja wetu aliposema, “Jana tuliwatupa nje wanawake wote.” Hakuna aliyecheka.

Tukarudi kusoma historia kwa utulivu zaidi. Kufikia mwishoni mwa Agosti 1697, karibu askari wote wa Kireno ngomeni walikuwa wamekufa. Aliyeishika ngome ni Bwana Daud wa Faza, Mwislamu, pamoja na jamaa zake 17, wanaume Waafrika 8 na wanawake Waafrika 50. Walistahimili hadi msaada ulipofika Septemba. Wale tuliowaandika sifuri ndio waliokuwa ukutani.

Hatukuweza kumlaumu mchezaji. Alifuata kanuni, na kanuni tulizitunga sisi. Tukazirekebisha: kila kizibo kikapewa nguvu ya kulinda ukuta. Tulidhani tumemaliza, mpaka mwenzetu mwingine akapinga. “Mkiwapa thamani kwa kuwa wanalinda ukuta, bado mnawapima kwa kazi yao. Na mtoto je? Na mgonjwa asiyeinuka?”

Tulibishana jioni mbili. Mwishowe tukaandika kanuni moja fupi: hakuna mtu anayetolewa nje ya lango, awe na nguvu au asiwe nayo. Nafaka igawanywe kwa wote waliomo.

Tangu hapo, mwenye ngome hushindwa mara nyingi kuliko zamani. Hata katika historia ngome iliangukia mikononi mwa Waomani tarehe 13 Desemba 1698, na meli za msaada zikafika siku chache baadaye. Wapo wanaotushauri tuilegeze kanuni ile ili mchezo uwe na mizani. Tumeiacha kama ilivyo.

Likizo hii tutatumwa maparokiani kwa kazi za kichungaji. Huko nako kuna madaftari: majina ya jumuiya, michango, waliolipa na wasiolipa. Tutapewa kalamu tuyajaze. Ndugu wasomaji, tuombeeni tusimwandike mtu sifuri.